Kofia za Maneno Makubwa

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na gunia. Lilikuwa gunia la katani la kawaida, la kutilia mahindi, na kila asubuhi alilifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli kutoka kwake hadi shuleni kwetu, upande wa Ndalu. Ndani mlikuwa na kikombe, kiatu kimoja cha mtoto, mwavuli usiofunguka, kisu kisicho na mpini na yai la kuchemsha. Alitumbukiza mkono, akatoa kitu, nasi tukapiga kelele: a cup! a shoe! an egg! Akikirudisha na kukitoa tena, tulitakiwa kusema the cup, the shoe, kwa kuwa sasa tumekwisha kujuana nacho. "Mara ya kwanza ni mgeni," alisema, "mara ya pili ni jirani." Nimesoma vitabu kadhaa vya sarufi tangu siku hizo, na hakuna hata kimoja kilichonieleza jambo hilo upesi hivyo. Yai lenyewe alilila saa nne wakati wa mapumziko, kwa hiyo somo la an egg halikuwahi kufika mchana.

Namwita Mwalimu tu. Jina analo, na wa kwao wanalijua, lakini sisi hatukulitumia na yeye hakulitaka. Mtu akimwita kwa jina sokoni, aligeuza shingo peke yake. Akiitwa Mwalimu, aligeuka mwili mzima pamoja na baiskeli.

Alikuwa mtu wa kelele aliyechukia kelele. Alikuwa mkali juu ya saa na hakuwahi kufika kwa wakati, maana baiskeli ile ilikuwa na mnyororo uliotoka kila penye mteremko, na kutoka kwake hadi kwetu ni miteremko mitupu. Aliingia darasani akihema, mikono imejaa grisi, na swali lake la kwanza lilikuwa ni nani amechelewa. Kiingereza chake kilibadilisha l na r apendavyo mwenyewe, hivi kwamba darasa zima lilisema umblella kwa sauti moja na kwa fahari kubwa. Mimi nilikuja kujua ni umbrella nikiwa na miaka kumi na sita.

Ukijibu sawa, alikupimia makofi. Jibu la kawaida lilipata robo, yaani makofi mawili. Jibu zuri lilipata nusu. Jibu la kumfurahisha kabisa lilipata gorogoro nzima, kile kipimo cha mkebe ambacho mama zetu walipimia mahindi sokoni: darasa lote lilipiga makofi matatu, likagonga deski mara tatu, kisha likamalizia kwa kofi moja kubwa la mwisho, la kuujaza mkebe hadi umwagike. Nimepata gorogoro mbili maishani mwangu na naweza kukuambia zilikuwa siku gani.

Shuleni kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Ukikamatwa ukiongea Kibukusu, lugha yetu ya nyumbani, ulivalishwa shingoni, ukazunguka nacho mpaka umkamate mwingine. Mwalimu ndiye aliyekisimamia, na hakuwa na mchezo. Lakini yeye mwenyewe akifurahi, alifurahi kwa Kibukusu, na sote tulijifanya hatujasikia. Ni Naliaka peke yake aliyesikia. Naliaka alikuwa rafiki yangu wa deski moja, msichana mwembamba asiyeongea sana, na siku moja Mwalimu alipofurahi hivyo, kibao kilikuwa shingoni mwake. Aliinuka, akakivua, akakiweka juu ya meza mbele ya Mwalimu, akarudi kukaa. Tulingoja kiboko. Mwalimu alikitazama kile kibao, akakivaa, akaendelea kufundisha. Jioni alienda nacho nyumbani kwa baiskeli, kinampiga kifuani, akiwasalimu watu njiani kwa Kiingereza.

Nasimulia hilo kwanza ili linalofuata lisije likakufanya umhukumu vibaya.

Shida ilianza na maneno yasiyoingia kwenye gunia. Honesty ni uaminifu; utautoaje guniani? Patience ni subira. Hunger ni njaa, na njaa tuliijua wote, lakini hakuna aliyewahi kuishika mkononi. Mwalimu alisimama mbele yetu na gunia tupu, akafikiri, kisha akatupa kanuni aliyoitunga mwenyewe. Mzee anayeheshimiwa, alisema, haendi barazani kichwa wazi. Neno kubwa nalo halitoki nyumbani bila kofia, na kofia yake ni the. Basi tukaandika The honesty is good. Tukaandika The patience is good, The hunger is bad, ukurasa mzima wa wazee wenye kofia, na akatupigisha nusu.

Kanuni hiyo haikuwa kweli. Mwingereza akitaja uaminifu wote wa duniani, au subira yote, hulitaja neno kichwa wazi: Honesty is good. Sisi hatukujua. Mwalimu hakujua. Mkaguzi aliyekuja mara moja kwa mwaka alikunywa chai, akasaini kitabu, akaenda zake.

Aliyejua alikuwa mmoja. Tuliandika insha kuhusu subira, na Naliaka akaandika Patience bila kofia, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mwalimu alipitisha wino mwekundu kila mahali, akamwita mbele.

"Kofia iko wapi?"

"Kwetu ukutani imeandikwa bila," Naliaka akasema.

Ilikuwa kalenda ya duka la mbegu, yenye picha ya hindi kubwa, na chini yake maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba subira huleta mavuno.

"Ukuta wenu," Mwalimu akauliza, "umesomea wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu, ambaye kicheko kilimnogea, akauliza kama kuna mwingine hapa aliyewahi kuona ukuta wenye cheti cha ualimu. Mimi nilikuwa nimeiona kalenda ile. Nilikuwa nimelala kwao mara mbili au tatu, na nilikuwa nimeyasoma maneno yale nikiwa chali kitandani, bila the yoyote. Ningenyoosha mkono. Badala yake nilicheka, na nilicheka kuliko wote.

"Simama hapo mpaka ukumbuke kofia," Mwalimu akamwambia.

Naliaka akasimama kando ya ubao. Somo likaisha, kengele ya chakula ikalia, Mwalimu akafunga gunia lake akaondoka, na kwa haraka ya njaa au ya kitu kingine akasahau kumwambia akae. Sisi tulitoka tukala. Mchana mwalimu wa hesabu alimkuta amesimama palepale.

"Wewe, mbona hukai?"

"Sijaambiwa," Naliaka akajibu.

Mwisho wa mwaka baba yake alihamisha familia yake kwenda kulima shamba la kukodi upande wa Kitale, na Naliaka hakurudi shuleni. Sisemi ni kwa sababu ya siku ile. Mwalimu ndiye aliyekuja kusema hivyo, baadaye, na hakuna aliyeweza kumtoa wazo hilo.

Mimi nilikwenda sekondari ya bweni, Bungoma. Muhula wa kwanza, mwalimu wetu wa Kiingereza wa huko aliisoma insha yangu mbele ya darasa. Ilikuwa juu ya urafiki, na kila urafiki, kila upendo na kila amani ilikuwa imevaa kofia. Aliuliza kwa upole nani amenifundisha hivyo. Nikaeleza habari ya wazee na baraza. Hilo ndilo lililonimaliza. Wasichana wa mjini wakaniita Kofia kuanzia siku hiyo hadi kidato cha nne, na wapo wanaoniita hivyo mpaka leo tukikutana, wakidhani nimesahau ilianzaje.

Nilifika likizo ya Aprili nikiwa nimeiva kwa hasira. Nilimkuta Mwalimu kwenye kisiagi pale Ndalu, amepanga foleni na kidebe chake cha mahindi, kina mama mbele na nyuma yake. Sikumsalimu. Mashine ilikuwa ikinguruma, kwa hiyo nilipaza sauti, na mwenye kisiagi akaizima katikati ya maneno yangu.

"Mwalimu, ulitufundisha uongo!"

Foleni nzima ikageuka. Mama yangu angekuwepo angenifinya hadi leo.

"Nimewafundisha uongo gani?"

"The honesty. Hakuna the! Watu wanatucheka huko. Na si Naliaka alikuambia? Ukamsimamisha bure!"

Alikuwa na unga kwenye kope. Alinitazama, na nilijua kwamba nimevuka mpaka ambao mtoto havuki, na kwamba kila aliyekuwepo anamngojea yeye anirudishe. Mwalimu akauliza kama ninacho kitabu kinachosema hivyo. Nikasema kiko nyumbani. Akasema atakipitia jioni.

Alikaa nacho wiki nzima. Alipokirudisha alikuwa amekivika jalada la gazeti, kazi safi, pembe zimekunjwa vizuri. Baba alimkaribisha ndani, lakini alibaki pale uani ameshika baiskeli.

"Nimetafuta kosa la hiki kitabu siku saba," akaniambia. "Hakina. Ni mimi." Kisha akanipa somo upya, mimi peke yangu, kuku wanatuzunguka. Maneno makubwa hayahitaji kofia kwa sababu yanajulikana. Mvua ikinyesha, nani huuliza ni mvua gani? Ila ukiniambia ni uaminifu wa nani, au subira ya mama yupi, hapo sawa, yavishe. Nilimsikiliza huku nataka ardhi inimeze. Alipomaliza akauliza, "Haya, wenzako wako wapi?"

Nilidhani ni salamu. Kumbe alikuwa na rejista ya darasa letu ndani ya gunia.

Akaanza kuzunguka. Jumamosi na likizo, kwa baiskeli ileile inayotoa mnyororo, alimfuata kila aliyemfundisha kanuni ya kofia. Mwalimu mkuu alimwita akamwambia aache mambo hayo. "Utajishusha, bana. Mtu mzima unaomba watoto msamaha, kesho nani atakuamini?" Mwalimu akamjibu kwamba watakaomwamini ni wale aliowarudia. Mke wake, mama mpole ambaye hakuwahi kuinua sauti, alikuja kwetu kumwambia mama yangu kwamba mzee ameanza kuwatia aibu. Watu Ndalu walimcheka. Walisema ameaibishwa na mtoto kwenye kisiagi hadi akili ikaruka. Mimi ndiye mtoto huyo, na kicheko hicho nilikisikia kila nilipofunga shule.

Mmoja wetu alikuwa akiuza misumari na mabati Kiminini. Mwalimu alimpa somo lote juu ya kaunta, wateja wanangoja, na inasemekana mteja mmoja aliomba arudiwe sehemu ya mwisho. Mwingine alimkuta ndani ya shimo la choo, anachimba, ni kichwa tu kinachoonekana.

"Mwalimu, mimi nachimba choo. Hiyo Kiingereza nitapeleka wapi?"

"Hata kama. Nilikupa kitu kibovu. Nimekuja kukibadilisha."

"Si ungeacha tu?"

"Wewe ungechimba shimo nusu ukaacha tu?"

Yule kijana, ambaye sasa ni fundi mkubwa, alinisimulia hayo mwenyewe. Alisema alitoka shimoni ili amsikilize vizuri, kwa kuwa haikuwa adabu kumtazama Mwalimu kutoka chini hivyo.

Aliwapata wote, isipokuwa mmoja. Shamba la kukodi la kina Naliaka lilikuwa limekodishwa kwa mwingine. Jirani akasema walielekea Endebess. Endebess wakasema msichana ameolewa, lakini hawakujua wapi. Kila likizo Mwalimu aliniuliza kitu kimoja kabla hata ya kuniuliza masomo: "Naliaka je?" Nami kila likizo nilijibu sijui. Siku moja alinionyesha alichokuwa akikibeba guniani, kati ya kikombe na mwavuli. Lilikuwa daftari la Naliaka, lile la insha, aliloliacha kwenye deski. Wino mwekundu ulikuwa bado unang'aa. "Hawa wengine wote niliwafundisha vibaya tu," akasema. "Huyu nilimwadhibu kwa kuwa sawa." Akalirudisha guniani, na mimi sikumwambia kwamba nilikuwa nimeiona kalenda.

Nilipomaliza shule nilijifunza taipu, nikapata kazi Kitale. Ni chumba kimoja chenye mashine mbili, ambako watu huleta barua zao za mkono zipigwe chapa: maombi ya kazi, malalamiko ya mipaka ya shamba, kumbukumbu za mikutano. Nimelishwa na Kiingereza miaka hii yote. Kila vidole vyangu vinapofika kwenye neno kubwa, husita kidogo, na ninamwona Mwalimu na kuku wetu. Nikiharibu barua ya mtu naipiga upya na kumwambia ni mimi niliyekosea. Wenzangu huniambia ningenyamaza, mteja asingejua. Hilo la kutonyamaza sikufundishwa na kitabu chochote, na namshukuru aliyenifundisha.

Miaka ya tisini ilikuwa imefika katikati wakati mama mmoja alipoingia na barua ya chama cha akina mama wa soko la Misikhu. Walikuwa wakiomba wajengewe paa. Iliandikwa kwa Kiingereza, kwa mkono uliosimama wima, herufi y zenye mkia mrefu. Mstari wa tatu ulisema: Patience has brought us this far.

Nikaacha kupiga.

"Mama, nani ameandika hii?"

"Katibu wetu. Naliaka, huyo wa maharagwe. Kwetu hapo yeye ndiye anajua Kiingereza."

Nilipiga barua ile chapa bila kubadilisha hata nukta. Jumapili nikaenda Ndalu. Mwalimu alikuwa amestaafu, goti moja lilikuwa limekataa, na alikuwa amekaa nje anapukuchua mahindi. Nilimwambia nimempata. Nilimwambia na ile habari ya kalenda pia, kwamba niliiona nikacheka, maana nisingeweza kwenda naye huku nimeificha. Alipukuchua hindi lile hadi likaisha.

"Basi tuko wawili," akasema.

Tulikubaliana tukutane Misikhu siku ya soko, saa nne. Nilijua atachelewa, kwa hiyo sikuharakisha. Nilimkuta amefika zamani, amesimama mwanzo wa soko na baiskeli, suruali imefungwa kwa kamba kwenye vifundo, gunia nyuma.

Naliaka alikuwa mnene kidogo, amejifunga leso, amekaa kwenye kigoda nyuma ya vilima vitatu vya maharagwe. Mimi alinitambua mara moja. "Nasimiyu! Ati ni wewe?" Kisha akamwona aliye nyuma yangu, na uso ukafungika. Akamsalimu kwa heshima, kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, bila kuinuka.

Mwalimu alitoa daftari guniani. Alisimama mbele ya maharagwe, jua limempiga kipara, maana kofia yake alikuwa ameivua.

"Naliaka, ulikuwa sawa," akasema. "Ukuta wenu ulikuwa sawa. Mimi ndiye sikuwa nimesoma."

Alisema kwa sauti ya chini. Naliaka alikuwa na mteja. Aliendelea kumpimia, akajaza mkebe, akaupangusa juu kwa kiganja, akaongeza kidogo, akafunga mfuko. Mteja akaondoka. Ndipo akamtazama.

"Sema kwa nguvu, Mwalimu. Siku ile ulisema kwa nguvu."

Mwalimu alivuta pumzi. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ya darasani, ile iliyokuwa ikisikika hadi barabarani. "Naliaka alikuwa sawa! Mimi nilikosea! Nilimsimamisha bure mbele ya wenzake!" Wauza nyanya waligeuka. Wa samaki waligeuka. Mwendesha mkokoteni alisimama katikati ya njia.

Mimi sikujua la kufanya na mikono yangu, kwa hiyo nikapiga makofi. Matatu. Nikaweka kikapu chini nikagonga meza ya jirani mara tatu. Kufikia hapo yule mama aliyeleta barua alikuwa ameshaungana nami, na wenzake wakafuata bila kujua ni ya nini, wakidhani pengine paa limekubaliwa. Kofi la mwisho lilipigwa na soko zima. Ilikuwa gorogoro kamili, imemwagika, na ilikuwa imechelewa miaka kumi.

Naliaka hakucheka wala hakulia. Alilipokea daftari, akalifunua, akautazama wino mwekundu, akalifunga, akaliweka chini ya leso.

Mwalimu alibaki amesimama. Uzito wote aliuweka kwenye goti lile zima, lakini hakushika kitu. Nilielewa kwamba hataondoka wala hatakaa mpaka aambiwe, hata kama soko litafungwa.

Naliaka naye alielewa. Aliinuka, akakipangusa kigoda chake kwa pindo la leso, akakizungusha hadi upande wa mbele wa maharagwe.

"Haya kaa, Mwalimu," akasema. "Kengele imelia."